Samaki wa Safari Halishwi

Samaki wa safari halishwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na Erina alikuwa ameisema pale nyumbani Maliba mara nyingi kiasi kwamba hata kuku walikuwa wameichoka. Siku mbili kabla ya kuondoka unawatoa samaki bwawani, unawatia ndani ya vizimba vya neti pembeni mwa maji, unawanyima chakula mpaka matumbo yawe matupu. Samaki aliyeshiba ukimfungia ndani ya pipa atatapika, atakunya, maji yatachafuka, hewa itakwisha, na mwenye samaki atalia. Afisa wa uvuvi wa wilaya alipomwandikia Erina karatasi ya ruhusa ya kusafirisha samaki hai alimhoji nusu saa nzima, na hilo ndilo swali aliloanza nalo.

Basi Ijumaa hiyo, kabla jua halijachomoza, Erina alisimama ndani ya bwawa, maji yakimfika kiunoni, akiwachota ngege, samaki ambao kwingine huitwa perege, kwa wavu laini kutoka kwenye vizimba viwili. Mia mbili, wa ukubwa wa kiganja, wa mbegu, wa kwenda kuzaa. Mapipa manne ya plastiki yalikuwa yamepangwa nyuma ya pikapu ya Badiru. Kizimba kimoja kilijaza mapipa mawili ya kushoto, cha pili mawili ya kulia; kila pipa samaki hamsini, chumvi kidogo ndani ya maji, gunia lililolowa juu yake, na mpira mwembamba wa kupeleka hewa kutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa kwenye betri ya gari. Hakuwarusha. Aliwaweka, kama mtu anavyoweka mayai.

Mumewe Bright alibeba ndoo mpaka saa kumi na mbili na nusu, kisha akanawa miguu akakimbilia shule. Alikuwa mwalimu, watoto wake wa darasa la saba walikuwa na mtihani, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kusikiliza habari za samaki. Aliyebaki kingoni mwa bwawa ni kaka wa Bright, Ezironi, mikono kifuani, viatu visivyo na hata tone la tope.

"Nasema tena, na mama anasikia," Ezironi alisema, "ili kesho asije mtu akasema sikusema. Yule Mkongo akichukua mia moja themanini au zaidi, bwawa linabaki bwawa. Akichukua pungufu, hata mmoja, Jumatatu nafungulia maji yaende zake, nachimba udongo wangu."

"Tumesikia, shemeji."

"Nataka usikie vizuri."

"Nimesikia vizuri," Erina alisema, na akafunga gunia la pipa la nne bila kumtazama.

Tusimwonee Ezironi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfyatua matofali, na tangu mto Nyamwamba ulipofurika mwaka uliotangulia na kubeba nyumba za watu kule Kilembe, matofali yalitafutwa kuliko sukari. Chini ya bwawa lile kulikuwa na udongo wa mfinyanzi mzuri kupita wote kijijini. Ardhi ilikuwa ya mama yao, na kwa miaka miwili Ezironi alikuwa amesimama pale pale kingoni akitazama maji yamekalia udongo wake bila kuleta kitu. Kikao cha ukoo kilimpa haki ya kuuliza mpaka lini. Hesabu ya mia moja themanini haikuwa yake. Ilikuwa ya yule Mkongo, Hilaire, mfanyabiashara wa Butembo, aliyeagiza samaki mia mbili kwa ajili ya familia za parokia yake zilizochimba mabwawa, na aliyesema mapema kwamba akiletewa chini ya mia moja themanini hachukui hata mmoja, maana hawezi kurudi nyumbani na kuanza kuwachagulia majirani nani apate na nani akose.

Mama mkwe, Mukaka Masika, yaani Bibi Masika kama nyumba nzima ilivyomwita, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na kikapu magotini. Alikuwa anakwenda nao Bwera, mji wa mpakani ambako Hilaire angewapokea samaki, ili amsalimie mdogo wake. Kwa kawaida angekuwa ameshawaamuru wote mara tatu. Asubuhi hiyo alikuwa mpole, akitazama mbele tu, na Erina akadhani ni usingizi.

Badiru akawasha gari. Alikuwa dereva mtaratibu kwa sababu Erina alimlipa awe mtaratibu. "Leo mimi nimebeba wagonjwa," aliwaambia vijana wa bodaboda waliompigia honi mjini Kasese, na akaendelea na mwendo wake.

Erina alikaa nyuma na mapipa yake. Kila baada ya dakika kumi alifunua gunia, akaingiza mkono, akapima joto la maji kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Mapipa mawili ya kulia yalikuwa salama, samaki wamekaa chini, mapezi yanacheza taratibu. Wakaipita Kikorongo, wakakata kuelekea magharibi, joto la bonde likaanza kupanda, na hapo ndipo alipofunua pipa la kwanza la kushoto na kuona povu.

Povu jeupe, zito. Chini ya povu samaki walikuwa wamepanda juu wote kwa pamoja, midomo nje, wakimeza upepo. Harufu ilimpiga. Akafunua la pili la kushoto, likawa vile vile. Wawili walikuwa wamelala ubavu.

Akapiga paa la gari kwa ngumi. Badiru akasimama pembeni mwa barabara, akashuka mbio.

"Pampu imekufa?"

"Pampu iko sawa." Erina alikuwa ameingiza mkono ndani ya povu. Akatoa kipande cheupe, laini, cha ukubwa wa punje ya mahindi, akakinusa. Akatoa kingine. Huu haukuwa uchafu wa bwawani. Ulikuwa bundu, ugali wa muhogo wa jana usiku, ule alioupika mwenyewe. "Nani amelisha samaki hawa?"

"Mimi hata sijui samaki hula nini," Badiru alisema. "Mimi najua wao ndio huliwa."

Hakuna aliyecheka. Mlango wa mbele ukafunguka taratibu, na Mukaka Masika akateremka akiwa ameshika kikapu chake kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema.

Erina akakidondosha kile kipande.

"Nilipita alfajiri kuwaangalia. Walikuwa wanafungua midomo, mwanangu. Siku mbili hawajala. Nimezaa watoto tisa, nimeolewa nyumba ile miaka hamsini na miwili, sijapata kumtoa mtu kwangu na njaa. Hata yule aliyeniibia mbuzi, walipomkamata, alikula kwanza ndipo wakampeleka polisi. Nikasema, safari ni ndefu, na huko Kongo nani anajua watakula saa ngapi. Bakuli langu lilikuwa dogo, nikalisha kizimba kimoja tu. Nilikuwa nasikitika wale wengine hawajapata."

Jamani, mtu afanye nini na maneno kama hayo? Erina alikasirika. Na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu mkwe hapandishi sauti mbele ya mama wa mumewe, na kwa sababu mama huyo alikuwa amesimama juani na kichwa chini kama mtoto aliyevunja chupa ya mafuta. Akajigeuza upande wa mlima akapumua mara tatu.

"Mama, rudi ukae kivulini," alisema hatimaye. "Maji yakimwagika hayazoleki. Badiru, tunahitaji maji safi."

"Mbele kuna Nyamugasani. Mto mzima, maji ya mlimani, baridi. Tunamwaga haya, wale wabovu tunawatupa humo humo waende zao, tunachota mengine. Dakika tano."

"Hapana."

"Dada, hao wanakufa."

"Nawaona. Maji ya bwawa langu hayaingii mtoni, na samaki wa bwawa langu hawaingii mtoni. Ugonjwa ukiwamo, utashuka mpaka ziwani, na huko kuna watu wanaokula kwa ziwa. Na mto nao una yake. Nikiyachota, nitawapelekea watu wa Butembo vitu nisivyovijua. Karatasi yangu inasema hivyo, na hata isingesema." Akaanza kupepea maji kwa bakuli, akiyachota na kuyamwaga tena kutoka juu ili yashike hewa. "Pale kwenye senta, penye maduka, kuna kisima cha pampu. Endesha."

"Bomba liko karibu zaidi."

"La bomba lina dawa. Dawa ya kuua vijidudu haiulizi kama wewe ni kijidudu au samaki."

Badiru akaendesha, na safari hii hakuwa mtaratibu.

Kisimani kulikuwa na foleni ya madumu ya manjano yasiyopungua thelathini, na wanawake wamekaa juu yake wakisuka mikeka na maneno. Mwenyekiti wa kisima aliitwa Jolly, mwanamke mnene mwenye ufunguo wa pampu shingoni, na alimsikiliza Erina mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Kwa hiyo samaki ikunywe mbele ya watoto yetu," Jolly alisema.

"Si kunywa, dada. Ni kupumua."

"Mimi niko hapa tangu saa kumi na moja," mwanamke mmoja akasema. "Mtoto wangu iko nyumbani hajaoga. Nimwambie nini, nimwambie zamu yake imepewa ngege?"

Wakacheka. Haikuwa dhihaka ya ukatili, ilikuwa dhihaka ya watu waliochoka kungoja, lakini ilimwingia Erina. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, gauni limeganda mapajani, na nyuma yake mapipa mawili ya uhai wake yalikuwa yanatoa povu. Akataja bei. Akasema atalipa kila dumu.

"Kisima haiuzi zamu," Jolly alisema. "Tukianza kuuza, kesho wenye pesa watachota na sisi tutakauka. Panga mstari."

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililouma. Erina akageuka kwenda kuchukua ndoo yake aipange ya thelathini na moja. Hapo ndipo alipomwona Mukaka Masika. Mwanamke yule wa miaka sabini na kitu alikuwa ameweka kikapu chini na kupiga magoti kwenye matope ya kisima, mbele ya wanawake ambao mkubwa wao angeweza kuwa mjukuu wake.

"Banangu, wanangu," alisema, "mkwe wangu hana kosa. Alisema wasilishwe, mimi nikawalisha. Niliona njaa, sikuona kitu kingine. Sasa wanakufa kwa chakula changu. Naomba maji. Sina cha kuwapa, na hamuuzi. Naomba tu."

Mikeka ikaachwa magotini. Mtu mzima hapigi magoti kwa watoto, hilo kila mmoja pale alijua, na kila mmoja alitazama pembeni kwa aibu iliyokuwa yake mwenyewe. Yule aliyesema habari za kuoga ndiye aliyefika wa kwanza. Akamshika bibi kwapani, akamwinua, akampangusa magoti kwa kanga yake.

"Mukaka, inuka, utatuletea laana," alisema. Kisha akasukuma dumu lake lililojaa kwa mguu. "Chukueni hili langu. Nitapanga upya."

Baada ya dumu la kwanza, la pili na la tatu yalikuja bila kuombwa. Jolly akafungua pampu, akasimama kwenye mpini mwenyewe. Erina akawaeleza haraka. Maji ya chini ya ardhi hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo yamwagwe kutoka juu, dumu hadi beseni, beseni hadi dumu. Na yasiingie yote mara moja, maana baridi ya ghafla huua kama uchafu. Wanawake wakapanga mabeseni, wakainua madumu mpaka juu ya vichwa, maji yakashuka kwa kishindo, na mbinu ile ambayo Erina alijifunza kwa siku nzima kwenye mafunzo wao waliishika kwa dakika mbili. Maji machafu yakabebwa kwa ndoo mpaka kwenye majani makavu mbali na kisima na mbali na mtaro. Jolly mwenyewe alichagua mahali.

Walipomaliza, kumi na wanne walikuwa wamekufa. Erina aliwapanga juu ya gunia.

"Hawa wamekufa sasa hivi, kwa kukosa hewa. Si ugonjwa," aliwaambia. "Kuwauza siuzi, wa pipani aliyejifia njiani hauzwi. Lakini wanalika, mkiwapika leo, siyo kesho. Nimewaambia walivyokufa. Anayetaka achukue."

Waligawana bila ugomvi. Badiru, aliyekuwa amelowa mpaka kofia, alitazama yote yale akatikisa kichwa. "Mimi nimeendesha gari barabara hii miaka kumi na sita," alisema, "sijapata kuona zamu ya kisima ikitolewa bure."

Bwera siku ya soko haipitiki. Bodaboda, wabadilisha fedha na mafungu ya noti zao, magunia ya maharage yanayoingia, vitenge vinavyotoka. Hilaire alikuwa anawangoja kwenye ua aliokodi karibu na mpaka, matangi yake mawili tayari, shati jeupe, saa mkononi akiitazama. Karibu naye alikaa afisa wa kukagua mifugo na samaki wanaovuka, mwanamke aliyeitwa Tumukunde, na kitabu chake cha stakabadhi.

"Mama Erina, miye niko hapa tangu saa mbili," Hilaire alisema. "Batu beko wananipigia simu tangu Butembo. Samaki iko wapi?"

Erina alimwonyesha pikapu kwa kidevu. Alikuwa amefunua mapipa ya kushoto. Maji mapya yalikuwa yamefanya kazi yake. Hakuna aliyelala ubavu. Wote walikuwa wima, wote wanaogelea, na mtu asiyejua angesema ni wazima kama wale wa kulia. Lakini yeye alijua. Aliwahamisha mmoja mmoja kwa mikono iliyolowa, akiwageuza kidogo kwenye mwanga, na kila alipoona magamba yaliyokwanguka, ute uliotoka, pezi lililochanika kwa kugombania hewa, alimtenga kwenye beseni. Alipomaliza, beseni lilikuwa na kumi na saba.

Badiru akainama kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Dada," alinong'ona, "jumla walio hai ni ngapi?"

"Mia moja themanini na sita."

"Basi umepita. Anataka mia moja themanini, shemeji yako anataka mia moja themanini. Hao wa beseni nao wanaogelea. Warudishe ndani, funga mdomo, twende tukanywe chai."

Erina alijua hesabu hiyo tangu kisimani. Alikuwa ameifanya njia nzima, mkono ndani ya pipa. Kumi na saba hao wangefika Butembo wakiogelea. Siku ya tatu ukungu mweupe kama pamba ungeota kwenye mikwaruzo, siku ya sita ungekuwa umewashika wengine, na yeye angekuwa Maliba kando ya bwawa lake ambalo hakuna mtu angeligusa tena. Aliyataka sana maisha hayo. Tusidanganyane, aliyataka.

Tumukunde akafungua kitabu. "Mama, karatasi yako inasema mia mbili. Mimi naandika ile inavuka, si ile ilitoka. Nakuandikia ngapi nzima?"

Ua wote ukamtazama.

"Mia moja sitini na tisa," Erina alisema.

Kalamu ikatembea. Hilaire akaja akachungulia beseni, akachungulia mapipa, akarudi kwenye beseni.

"Na hii?"

"Hao hawavuki. Wamechubuka."

"Miye naona iko inaogelea."

"Wataogelea leo na kesho. Baada ya hapo wataoza hai, na wataozesha walio karibu."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

Hilaire akavua saa yake, akaitia mfukoni, akatembea mpaka ukutani na kurudi. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Tulipatana namna gani, mama? Mia moja themanini. Miye nilikodi camion, lori nzima. Nililipa ile tangi. Batu walichimba mashimo na mikono yao. Sasa nirudie na nini?" Akatazama tena beseni, na sauti yake ikashuka, sauti ya mtu anayetaka siku iishe. "Sikia. Zitie zote. Sasa najua, huniuzii kwa uongo. Mia moja themanini na sita, ninachukua, nitabahatisha. Lipo neno?"

Badiru akafumba macho kwa shukrani.

"Lipo," Erina alisema. "Wewe sasa umejua. Yule mama wa Butembo anayengoja samaki wake hajajua. Utamwambia?"

Hilaire akageuza macho kwenye matangi yake.

"Utampa, atafurahi, atawatia kwenye bwawa alilochimba na mikono yake, kama ulivyosema. Siku ya tano ataona wote wako juu. Atasema Mungu hampendi." Akachukua kirungu kifupi cha mti kutoka kwenye mfuko wake. "Mimi siwezi."

Akapiga magoti kando ya beseni. Mukaka Masika akapiga magoti upande wa pili bila kuambiwa, akatandaza kitambaa kilicholowa mikononi, akampokea wa kwanza na kumshika imara. Erina akapiga pigo moja, nyuma ya macho. Kimya. Wa pili, pigo moja. Mchukuzi mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akauliza kwa nini wanajisumbua, si wawamwage tu chini, watakufa wenyewe.

"Watakufa wenyewe kwa nusu saa," Mukaka Masika alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ungependa nusu saa?"

Wote kumi na saba walikwisha upesi. Hilaire alikuwa amesimama akitazama kila pigo. Walipomaliza, akavuta kiti, akakaa.

"Mwaka jana," alisema polepole, "mutu moja aliniuzia samaki, akaapa na jina la mama yake. Ilikufa yote. Ikaua na ile ilikuwa mbele mule ndani ya bwawa. Hii ndiyo maana miye ninahesabu mwenyewe siku zote. Leo sina kazi. Muuzaji ananihesabia." Akatoa pochi. "Ninachukua hii mia moja sitini na tisa. Ile pesa ya gari tulipatana, sikupi. Na kumi na moja inapunguka, utaleta mwezi ujao, juu ya gari yako. Familia moja itangojea. Nitaenda miye mwenyewe kuwaambia sababu."

"Nitaleta," Erina alisema.

Mukaka Masika akasimama, akiuma midomo kwa maumivu ya magoti. "Baba," alimwambia Hilaire, "ni mimi niliyewalisha. Asubuhi."

Hilaire akamtazama bibi, akamtazama Erina, kisha akacheka kicheko kirefu kisicho na ubaya, mpaka akashika goti. "Uliwapa nini?"

"Bundu."

"Mama yangu naye angefanya vile vile," Hilaire alisema, na akaanza kuhesabu noti.

Erina alimlipa Badiru yake yote. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Akatoka nje ya ua, akasimama kwenye kivuli cha kibanda cha mbadilisha fedha, akampigia yeye mwenyewe shemeji yake simu kabla hajapigiwa. Mukaka Masika alimfuata na kusimama karibu yake.

"Amechukua ngapi?" Ezironi aliuliza. Hakusalimia.

"Mia moja sitini na tisa."

Ezironi alikuwa mtu wa haki, na sauti yake haikuwa ya kufurahi. "Basi unajua tulivyosema."

"Najua, shemeji. Haki ni yako. Nitawatoa waliobaki bwawani kabla ya Jumatatu." Alisema bila kulia, na hilo lilimgharimu zaidi ya safari yote.

"Nipe," Mukaka Masika alisema.

Akaishika simu mbele ya mdomo kama kikombe cha uji. "Ezironi. Ni mama yako. Samaki walikufa kwa mkono wangu, niliwalisha alfajiri kabla hawajatiwa mapipani. Shemeji yako alikuwa na nafasi ya kusema uongo mara mbili leo, na ya pili alipewa kwenye sahani. Hakuchukua. Sasa sikiliza. Aliyevunja chungu ndiye anayelipa, halipi jirani yake. Bwawa liache. Shamba langu la ndizi, lile la chini ya nyumba, udongo wake ni ule ule. Baba yako alichimba pale matofali ya nyumba uliyozaliwa. Chukua hilo. Anza Jumatatu kama ulivyotaka."

Erina aliyekuwa karibu alisikia jogoo akiwika kule Maliba.

"Mama," Ezironi alisema hatimaye, "hizo ndizi ndizo unazokula wewe."

"Nazijua ndizi zangu."

"Sasa wewe utakula nini?"

"Erina atanilisha," Mukaka Masika alisema, akamrudishia mkwe wake simu.